Maswali ya Wasomaji: Seli za Sola za Ogani Zinazochoka Mapema

SWALI: Ndugu wahariri, natengeneza seli za sola kwa polima ya PM6, inayotoa elektroni, na molekuli ya Y6, inayozipokea. Juu ya kioo kuna oksidi ya zinki, kisha mchanganyiko wenyewe, halafu oksidi ya molibdenamu na fedha. Ufanisi unaanza asilimia 15. Zikihifadhiwa gizani ndani ya naitrojeni hazibadiliki, ila chini ya taa ya jua bandia, humohumo ndani ya naitrojeni, zinashuka kwa kasi. Je, nibadilishe polima?

JIBU: Ndugu msomaji, polima iache kwanza. Oksijeni haipo na gizani seli ni salama, kwa hiyo kinachoharibu kinahitaji mwanga. Mshukiwa wetu wa kwanza ni oksidi ya zinki. Ikifyonza urujuanimno inageuka kichocheo cha kemikali, na pale inapogusana na Y6 inavunja bondi maradufu za kaboni zinazounga kiini cha molekuli hiyo na ncha zake. Tabaka linaloharibika ni jembamba sana, lakini ndilo lango la elektroni, na lango likiharibika seli nzima inadhoofika.

Thibitisha kabla ya kubadili chochote. Chukua seli za mkupuo mmoja, nusu zifunike kwa kichujio kinachozuia mwanga wote ulio chini ya nanomita 400, nusu ziache wazi. Kichujio kitapunguza mkondo kidogo, hivyo kila seli ilinganishe na kipimo chake yenyewe cha mwanzo. Zilizofunikwa zikidumu na za wazi zikashuka, urujuanimno ndio chanzo.

Tiba tunayoipendelea ni oksidi ya bati, kwa kuwa inafyonza urujuanimno kidogo zaidi na uchochezi wake ni dhaifu. Mmumunyo wa chembe zake ukiuzwa kwa asilimia 15, uzimue kwa maji hadi karibu asilimia 3, uchuje, utandaze kwa mashine ya kuzungusha, kisha pasha nyuzi 150 za Selsiasi kwa dakika 30. Kama huna budi kubaki na zinki, funika uso wake kwa tabaka la molekuli moja la fulerini (molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira) yenye kikundi cha asidi, kisha suuza kwa kiyeyushi ili zisizoshikamana ziondoke. Wengi husahau kusuuza, na mabaki hayo huzuia mkondo.

SWALI: Nasikia dayodooktani, kimiminika kinachoongezwa kidogo kwenye mmumunyo, huongeza ufanisi. Niweke kiasi gani kwenye PM6 na Y6?

JIBU: Usiiweke kabisa. Inachemka kwenye nyuzi zaidi ya 300, kwa hiyo hubaki ndani ya utando hata baada ya kupashwa joto. Mwanga ukiipiga, bondi ya iodini hukatika na kuzaa radikali, yaani vipande vya molekuli vyepesi kuungana na vingine, zinazoshambulia molekuli za jirani. Unapata ufanisi leo na kuulipia kesho.

Badala yake tumia kiongezeo cha kloronaftalini, mikrolita 5 kwa kila mililita ya klorofomu, kiyeyushi chako. Jumla ya PM6 na Y6 iwe miligramu 16 kwa mililita, kwa uwiano wa 1 kwa 1.2 kwa uzito. Zungusha karibu mara 3,000 kwa dakika, kisha pasha kati ya nyuzi 100 na 110 kwa dakika 10. Ukizidisha kloronaftalini, utando hukauka polepole mno na Y6 hujikusanya katika mabonge makubwa, hata nishati ya mwanga inapotea kabla ya kufika mpakani mwa vitu viwili hivyo, ambako chaji hutenganishwa. Klorofomu nayo huchemka kwenye nyuzi 61 tu: chupa ikikaa wazi mezani mmumunyo unazidi kukolea, na seli ya mwisho inakuwa nene kuliko ya kwanza.

SWALI: Seli zangu mpya zinatoa asilimia 10 tu. Volteji ni 0.83 na mkondo ni miliampia 25 kwa sentimita mraba. Tatizo liko wapi?

JIBU: Chini ya mwanga wa kipimo, miliwati 100 kwa sentimita mraba, volteji mara mkondo ni 20.75. Sehemu ya zao hilo ambayo seli inaitoa kweli kama nguvu huitwa kigezo cha ujazo. Kufikia asilimia 15.6 unahitaji kigezo cha ujazo cha 0.75, cha kwako ni kama 0.48. Nyenzo zako ni nzima, kasoro iko njiani. Utazame mchoro wa mkondo dhidi ya volteji. Ukijikunja kama herufi S, kuna kizuizi kwenye tabaka mojawapo la mguso. Ukiinama karibu na volteji sifuri, chaji inavuja kupitia vitobo au vumbi, au utando ni mnene mno na chaji zinapotea njiani. Lenga nanomita 100 hivi. Ukilala karibu na volteji ya juu, ukinzani ni mkubwa: kagua unene wa fedha na usafi wa vibanio.

SWALI: Kuziba kwa plastiki ya kawaida kunatosha?

JIBU: Hakutoshi, mvuke wa maji unaipenya. Tumia kifuniko cha kioo na epoksi inayokaushwa kwa urujuanimno, ndani ya naitrojeni. Pasha kifuniko kwanza kuondoa unyevu, futa mchanganyiko wa ogani pembezoni ili epoksi ishike kioo chenyewe, na uache ukingo mpana. Wakati wa kukausha, mulika kutoka upande wa fedha, na sehemu hai ya seli ifunikwe.