Mashine ya CPAP nyumbani: shughulika na barakoa kwanza

CPAP ni mashine inayopuliza hewa kupitia barakoa kwa mtu ambaye koo lake huziba usingizini. Wengi wanaoiweka kabatini huilaumu mashine: inapuliza kwa nguvu, ina kelele, inakausha mdomo. Mara nyingi kosa ni la barakoa. Mgandamizo aliopanga daktari, baina ya 4 na 20 kwa sentimita za maji, ndio unaozuia koo kuziba usingizini. Hewa ikitorokea pembeni, mashine hupuliza zaidi kufidia; kelele huongezeka, macho hukauka.

Vaa barakoa ukiwa umelala, maana uso ukilala hubadilika umbo. Washa mashine, vuta barakoa mbele kidogo ili mto wake wa silikoni ujae hewa, irudishe taratibu, ndipo ukaze mikanda sawasawa kushoto na kulia. Ukikaza mno, mto hukunjana na kuvuja zaidi, na asubuhi una kidonda juu ya pua. Nawa uso kwanza, usipake mafuta: kwa joto la Dar, jasho na mafuta huifanya silikoni iteleze. Upepo unaotoka kwenye vitobo vya mbele ni wa kawaida. Ndiko inakotokea hewa uliyoitoa, usivizibe kamwe.

Chandarua nacho husumbua. Pitisha mpira wa hewa unaounganisha mashine na barakoa upande wa kichwani na uuachie ulegevu, usiivute barakoa unapogeuka.

Kwenye tangi la maji linaloipa hewa unyevu, tumia maji yaliyokenekwa (distilled). Ya kisima, hasa haya yetu yenye chumvi, huacha utando mweupe. Kuyachemsha huua vijidudu lakini chumvi hubaki. Maji ya betri ya dukani usiyaguse, mengine yana asidi. Mwaga yaliyobaki kila asubuhi, osha tangi, liache likauke. Usihamishe mashine tangi likiwa na maji, yakiingia kwenye mota umeiua.

Hewa ya pwani tayari ina unyevu, kwa hiyo anza na namba ya chini ya unyevu. Ukilala na kiyoyozi, mvuke hupoa ndani ya mpira na kugeuka matone yanayokutiririkia puani. Punguza unyevu, zungushia mpira khanga, weka mashine chini ya usawa wa kitanda. Chujio likague kila wiki. Vumbi la barabarani hulijaza upesi.

Umeme ukikatika, vua barakoa. Ukitaka betri, piga hesabu: mashine ikila wati 20 bila kupasha maji, saa 8 ni wati-saa 160. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 40 ina 480, lakini ile ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unazo 240, na inveta nayo hula sehemu. Ukiwasha tangi lipashe maji, hesabu hiyo huvunjika.

Asubuhi soma AHI, yaani mara ngapi kwa saa pumzi ilikatika au kupungua. Chini ya 5 ni vizuri. Ikizidi, tazama kwanza kiwango cha kuvuja. Kikiwa kidogo na AHI bado iko juu, mpelekee daktari kadi ya kumbukumbu aupime upya mgandamizo, usiubadilishe mwenyewe.