Québec: usiishie ndani ya kuta

Wageni wengi wanaofika Jiji la Québec kutoka Toronto au Montréal hufanya hivi: wanaingia asubuhi, wanapiga picha mbele ya Château Frontenac, wanakula, na jioni wako barabarani kurudi. Mimi naishi Ontario, na ndugu wakija kutoka nyumbani huwa nawapeleka huko. Ninachowaambia ni walale, tena siku moja nzima waitumie nje ya mji.

Mjini, anzia chini, karibu na mto. Place Royale ndipo Mfaransa Samuel de Champlain alipojenga kituo chake mwaka 1608, na kanisa dogo la mawe la Notre-Dame-des-Victoires lilianza kujengwa hapo 1688. Ukishatembea vichochoro vya Petit-Champlain, panda mji wa juu kwa ngazi za Casse-Cou. Ukiwa na mzee au mtoto, kuna kigari cha kamba kinachopanda mwamba. Château Frontenac si kasri la mfalme yeyote. Ni hoteli iliyofunguliwa 1893, na kuitazama ni bure. Kuta za mji, zenye urefu wa kilomita 4.6 hivi, nazo unatembea juu yake bila kulipa.

Nje ya kuta kuna uwanda wa Abraham. Tarehe 13 Septemba 1759 Waingereza waliwashinda Wafaransa hapo kwa vita vya chini ya saa moja, na majemadari wote wawili, Wolfe na Montcalm, wakapata majeraha yaliyowaua. Utawala ukabadilika, lugha ya Kifaransa ikabaki. Kwa hiyo anza na "bonjour" kabla ya kuuliza lolote, hata kama hujui neno la pili. Aliyesoma Lubumbashi au Bujumbura hatapata shida, ila lafudhi ya wenyeji itamhangaisha kidogo mwanzoni.

Jioni vuka kwa feri hadi Lévis, mji wa ng'ambo ya mto. Safari haifiki robo saa, nauli ni ndogo, na mji wote unauona ukiwa juu ya mwamba. Sijaona matembezi ya boti ya watalii yanayoizidi.

Siku ya pili fuata mto kwenda mashariki. Maporomoko ya Montmorency yana urefu wa mita 83, yanaizidi Niagara kwa mita 30 hivi, ingawa Niagara ni pana zaidi na maji yake ni mengi mno. Mabasi ya mjini yanafika. Mkabala nayo ni daraja la kwenda kisiwa cha Île d'Orléans, lililofunguliwa 1935. Kabla ya hapo watu walivuka kwa mashua, na wakati wa baridi walipita juu ya barafu. Kwa sehemu hii kodi gari, maana barabara inayozunguka kisiwa ni ndefu na kila kijiji kina sababu ya kusimama: nyumba za mawe, makanisa, stroberi za Julai, matofaa ya Septemba. Kama una saa moja ya ziada, endelea hadi Sainte-Anne-de-Beaupré uone magongo yaliyoachwa kanisani na mahujaji walioamini wamepona.

Machi na Aprili ndio msimu wa miti ya maple kutobolewa. Utomvu wake, mwepesi kama maji, huchemshwa hadi lita 40 hivi zibaki lita moja ya shira. Wapenda kaimati wataelewa raha yake. Poutine nayo, chipsi zilizomwagiwa rojo la nyama na mabonge ya jibini, kuleni wawili sahani moja.

Kuhusu fedha: bei ya kwenye menyu haijajumlisha kodi, karibu asilimia 15, na mhudumu anatarajia bakshishi ya kiasi hichohicho. Ukija Februari, nunua viatu vya theluji kabla ya safari. Zile ngazi za Casse-Cou huwa na barafu.