Maswali Yenu: Kitabu cha Ukoo, Pesa Iende Wapi Kwanza?

SWALI: Mama Mhariri, habari za kazi. Sisi ni ukoo mkubwa hapa Jinja, babu alikuwa fundi wa reli, alitoka Mombasa akafanya Kampala, Tororo, mwisho Kasese. Bibi bado yuko na kichwa chake kizima kabisa. Tumechanga tutoe kitabu cha familia, kiandikwe na watu wanaojua kazi, si zile karatasi za kubana na steplea. Kampuni moja imetuonyesha kava ya maandishi ya dhahabu, safi sana, inataka pesa yote mbele. Kaka anasema twende tu Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji Kampala, tuchapishe wenyewe. Tena mashangazi wameanza kuvutana, mke wa kwanza wa babu alikuwa nani. Tuanzie wapi? Mjukuu wa Fundi, Jinja.

JIBU: Mwanangu, kava ya dhahabu ndani kuna nini? Hapo ndipo watu wanaliwa pesa. Kuchapa ndio sehemu rahisi, Nasser Road wanakuchapia chochote ukiwapa faili safi, lakini hiyo faili inatoka wapi? Kaka yako hajakosea, ameruka tu kazi yote ya katikati.

Anzeni na bibi, wiki hii, hata kabla ya kumlipa mtu. Na msimkalishe mkamwambia "tuambie historia," atawapa maneno matatu anyamaze. Muulize kwenye landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, walikuwa wanapikia wapi, jirani wa mlango wa pili alikuwa kabila gani, siku ya mshahara babu alirudi na nini mkononi, hapo utaona mwenyewe anavyofunguka. Rekodi kwa simu, weka kopi sehemu mbili, na ujue saa moja ya sauti inakula saa nne au zaidi kuiandika, kwa hiyo ukiona bei ya mwandishi usishtuke, pesa nyingi iende hapo na kwa mhariri.

Picha, tafadhali, msikusanye kwa WhatsApp kama picha za kawaida, inazibana zinapoteza ubora na kwenye karatasi zinatoka ukungu. Tafuta skana, weka 600 dipiai, yaani kipimo cha ukali wa picha, na skani na upande wa nyuma pia, maana huko ndiko kuna mhuri wa studio na majina yaliyoandikwa kwa kalamu, pengine na mwaka.

Yale ya babu yapimeni na historia ya reli yenyewe. Reli ilifika Kampala 1931 na Kasese 1956, kwa hiyo mtu akisema babu alifika Kasese kwa treni ya 1950, hapo muulizeni tena polepole. Na karatasi zake za kazi zilizoandikwa jina la shirika la reli la Afrika Mashariki haziwezi kuwa za kabla ya 1948, ndio lilianza, likavunjika 1977.

Sasa mashangazi. Tafuteni cheti cha ndoa, kama ni msikitini au kanisani ulizeni rejista. Kikikosekana, mimi ningeandika kila mama na nyumba yake na watoto wake, na pale wanapotofautiana andikeni "upande huu unasema hivi, ule unasema vile." Kila mmoja asomeshwe kurasa zinazomhusu kabla ya kuchapa. Wakilia walie kwenye rasimu.

Kuhusu kampuni, yote mbele hapana. Lipeni kwa awamu: kuanza, rasimu ikikamilika, na mwisho mkishashika nakala ya mfano ya karatasi, si ya kwenye skrini. Mkataba useme rekodi na faili za dizaini ni zenu, maana wakishapotea na faili, kuongeza mtoto mmoja tu ni kuanza upya. Nakala chache chapeni dijitali, ofseti, ile mashine kubwa ya sahani, inalipa zikiwa mamia. Ombeni kushonwa kwa uzi, gundi tupu kitabu kikifunguliwa sana kinamwaga kurasa. Mkitaka kukiuza ndio muombe ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, kwa Maktaba ya Taifa, kama ni cha ukoo tu wala msihangaike.

SWALI: Nyanya hajui alizaliwa lini, mwandishi wetu kaandika tu 1940. Tuache? Msomaji, Bombo.

JIBU: Msiache, huo mwaka kautoa wapi? Muulizeni nyanya, Malkia Elizabeth wa Uingereza alipokuja kufungua bwawa la Owen Falls 1954, yeye alikuwa anabeba mtoto mgongoni au bado anabebwa? Uhuru wa 1962, alikuwa ameolewa? Ukipata mawili matatu ya hivyo unaandika "kati ya mwaka fulani na fulani," na chini yake mstari mmoja wa jinsi mlivyopata.