Mapango ya Elgon na watoto: twende au tusiende?

SWALI: Shangazi, hujambo? Nina watoto watatu, kifungua mimba ana miaka 13, kitinda mimba ana 6. Desemba hii tumeamua kuja huko kwenu Mlima Elgon badala ya kwenda Mombasa. Wanaimba pango la ndovu usiku na mchana. Sasa shemeji yangu ametutia hofu, eti mle pangoni mna ugonjwa unaoua. Tuje kweli? – Mama Watatu, Kondele, Kisumu

JIBU: Sijambo, binti yangu. Njooni, lakini shemeji yako msimpuuze. Mwaka 1980, na tena 1987, kuna wageni waliozuru Kitum, hilo hilo pango la ndovu, kisha wakaugua virusi vya Marburg na kufariki. Wanaovibeba virusi hivyo ni popo walao matunda, wale wanaolala mapangoni, na Kitum wamo. Tangu hapo watu wengi wameingia wakatoka salama, ila mimi kwa mtoto wa mtu sibahatishi. Huyo wa miaka 6 asipite mdomo wa pango. Wakubwa wakiingia kidogo, wavae barakoa, viatu vya kufunika mguu na mikono mirefu, wasishike kuta, na wanawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Kule ndani kabisa waliko popo, msiende.

Wala hamtakosa kitu. Alama za pembe za ndovu mtaziona hata pale mwanga wa nje unapofika: mifereji iliyochimbwa kwenye mwamba, mingine mipana kiasi cha kulaza kidole. Mvua za mlimani husomba chumvi ya udongo, kwa hiyo majani huku hayana chumvi ya kumtosha mnyama mkubwa. Mwamba wa pangoni, ambao ni jivu la volkeno la zamani, unayo. Basi ndovu huingia usiku, gizani, wakipapasa njia kwa mkonga, wakabandua mawe kwa pembe na kuyatafuna. Kitum limeingia mlimani kama mita 200. Waambie watoto mapema kwamba wanakuja kuona kazi ya ndovu, maana ndovu wenyewe ni wa bahati. Majangili wa miaka ya 1970 na 1980 waliwamaliza wengi, na hilo bado linaniuma.

Mkitoka Kitum nendeni Makingeny, pale maji yanapodondoka mbele ya mdomo wa pango. Wasabaot wa zamani, wenyeji wa huku, walilaza ng'ombe kwenye mapango ya mlima huu. Njiani tazameni juu ya miti ya mipodo: kima aina ya mbega, weusi kwa weupe, mikia imening'inia. Nyati nao wapo, kwa hiyo msitembee kwa miguu bila askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Mwombeni langoni Chorlim.

Njia ni Kakamega, Webuye, Kitale, kisha Endebess. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si pesa mkononi, basi malizeni malipo mkiwa Kitale kwenye mtandao mzuri. Chakula pia nunueni Kitale. Ingieni asubuhi, kwa sababu mvua ya huku hupenda alasiri. Bebeni masweta mazito; watoto wa ziwani hawaijui baridi ya Elgon.

Siku ya pili, nakusihi, wapeleke Saiwa, upande wa barabara ya Kapenguria. Ni hifadhi ndogo mno, ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, na humo watu hutembea kwa miguu, hata huyo mdogo ataweza. Nzohe ni swala wa kinamasi. Kwato zake ni ndefu na hupanuka ili asizame topeni, na akishtuka hujitosa majini akabakiza pua tu. Fikeni alfajiri, pandeni jukwaa la mbao, na mnyamaze. Mimi ningekuwa na siku moja tu na watoto, ningeanzia huko.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi na wenzangu tunataka kupanda Koitobos, kilele cha Elgon upande wa Kenya, na kurudi siku hiyo hiyo. Inawezekana? – Kijana wa Nakuru

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inawezekana, mkiwa na gari lenye nguvu la kuwafikisha mwisho wa barabara na mkianza kupanda kabla jua halijakolea. Lakini Koitobos ni mita 4,222, na kutoka Nakuru hadi huko kwa mkupuo mmoja kichwa kitawapasuka. Laleni usiku mmoja mlimani kwanza. Mwenzenu akiumwa kichwa na kutapika, mteremsheni papo hapo, asiachwe apumzike juu. Chagueni kati ya Desemba na Machi, nyakati nyingine barabara ni matope. Wagagai, kilele kikuu chenye mita 4,321, kiko Uganda. Msivuke mpaka kukifuata bila kibali.