OPT: Hesabu siku zako kabla hujavaa joho

Kila ikikaribia Mei, wadogo zetu wanaomaliza vyuo hapa Marekani huuliza jambo lile lile: "Nikishapata kazi, OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo, naiombaje?" Mdogo wangu, huhitaji kuwa na kazi ndipo uombe. Ukisubiri kazi kwanza, muda wa kuomba unaweza kupita.

Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, akimaliza digrii anaweza kuomba miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na alichosomea. Maombi hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya tarehe ya mwisho wa masomo iliyo kwenye I-20 yako, ile hati ya chuo inayoonyesha muda wa masomo yako, hadi siku 60 baada yake. Angalia tarehe ya I-20, si ya mahafali, maana mara nyingi hazifanani. Anzia ofisi ya wanafunzi wa kigeni: mshauri ataingiza pendekezo la OPT kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni, na kukupa I-20 mpya. Baada ya hapo ni juu yako kujaza fomu I-765 ya kuomba ruhusa ya kazi na kuituma USCIS, idara ya uhamiaji, na iwe imewafikia ndani ya siku 30 tangu pendekezo hilo liingizwe. Siku ya kutuma uwe ndani ya Marekani. Kama ulipanga kukimbilia nyumbani mara tu baada ya mtihani wa mwisho, tuma kwanza.

Sasa tulia hapa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumia. Kwenye maombi utaulizwa unataka OPT ianze lini, na unaruhusiwa kuchagua siku yoyote ndani ya zile siku 60 baada ya masomo. Tuseme I-20 yako inaisha tarehe 15 Mei. Unaweza kuchagua 16 Mei, au 14 Julai, au siku yoyote katikati. Tarehe itakayoandikwa kwenye kadi yako ya kazi, ile EAD, ndiyo inayoanzisha hesabu ya siku 90 tu unazoruhusiwa kukaa bila ajira. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zote zimo. Aliyechagua 16 Mei na hana kazi, siku zake zinaisha katikati ya Agosti. Aliyechagua 14 Julai anafika Oktoba. Mwenye ofa mkononi achague mapema. Ambaye bado anatafuta, kwa maoni yangu asogeze mbele, kwa sababu miezi ile miwili ya kutuma maombi na kufanya usaili ni mali. Lakini usianze kazi, hata kwa siku moja, kabla hujaipata kadi na tarehe yake haijafika.

Siku zikianza kuyoyoma na kazi hakuna, kuna njia halali ambayo wengi hawaijui. Katika ile miezi 12 ya kwanza, kujitolea kunahesabika kama ajira, mradi ufanye angalau saa 20 kwa wiki na kazi iendane na fani yako. Hapa Kiswahili chetu kina thamani. Familia za wakimbizi kutoka Kongo ziko katika miji mingi ya nchi hii, na mashirika yanayozihudumia yanahitaji watu wanaoelewana nazo. Aliyesomea afya ya jamii au ustawi wa jamii abishe hodi huko. Omba barua yenye saa zako na maelezo ya kazi unayofanya, uiweke. Hakikisha taarifa za kazi hiyo zimeingia SEVIS ndani ya siku 10 tangu uianze, kwani usipoandika mwajiri, mfumo unakuhesabu huna kazi.

Waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24, ila masharti yanabana: mwajiri awe amejiunga na E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa ya kazi ya waajiriwa, kazi iwe ya kulipwa, na mjaze pamoja mpango wa mafunzo, fomu I-983. Uliza habari ya E-Verify wakati wa usaili, usingoje kadi ikaribie kuisha.

Anwani pia ni jambo zito. Wengi huhama bweni Mei huku kadi bado haijafika, na posta haipeleki barua za USCIS kwenye anwani mpya. Tumia anwani ya ndugu au rafiki asiyehama, na jina lake liwepo kwenye fomu.

Ukipata mshahara wa kwanza, soma karatasi ya malipo mstari kwa mstari. Mwanafunzi wa F-1 ambaye bado yumo ndani ya miaka yake 5 ya kwanza ya kalenda hapa kwa kawaida hakatwi Social Security (makato ya pensheni) wala Medicare (makato ya bima ya afya ya wazee). Makato hayo ni asilimia 7.65, yaani dola 76.50 kwa kila dola 1,000. Ukiyakuta, nenda kwa mhasibu wa kampuni wiki hiyo hiyo na umwombe akurudishie, maana wahasibu wengi hawajawahi kushughulikia mshahara wa mtu wa F-1 na watashukuru ukiwaeleza kwa upole.