Mkuu wa chuo au mdai ada?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimefundisha fasihi miaka 18, na sasa bodi inataka nishike ukuu wa chuo chetu kidogo. Wanafunzi hawafiki 500, madeni yamejaa. Naogopa nitaacha ualimu niwe mdai ada tu. Wewe ulikaa ofisi ya uhasibu ya chuo kabla ya kuanza safu hii. Nikubali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ada utadai, hilo sikufichi. Pale dirishani nimewaona wazazi wakihesabu noti mara mbili, kisha wakaomba wavumiliwe mpaka mwisho wa mwezi. Mkuu wetu alikuwa akishuka mwenyewe, anavuta kiti, anakaa upande wa mzazi wala si upande wetu, na hapo ndipo tarehe ya kulipa ilipokubaliwa. Wengi waliitimiza.

Ukisema mdai ada, mimi namkumbuka Benjamin Mays, aliyekuwa mkuu wa chuo kama utakavyokuwa wewe. Alizaliwa mwaka 1894 huko South Carolina, Marekani, na wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani. Baba yake alitaka mikono shambani, si mtoto wa kukaa shule. Mays aling'ang'ana hata hivyo. Shahada ya uzamivu (PhD) aliipata Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1935, akiwa na miaka 40.

Mwaka 1940 akakabidhiwa Morehouse, chuo kidogo cha wanaume Weusi mjini Atlanta. Alikaba ada mpaka wanafunzi wakambandika jina la utani, Buck Benny; "buck" ni dola kwa Kiingereza cha mitaani. Halafu Vita vya Pili vya Dunia vikaja kuwasomba vijana madarasani. Mwenyekiti wa bodi akapendekeza chuo kifungwe hadi vita viishe. Mays akakataa. Badala yake akafungua mlango kwa vijana ambao hawajamaliza sekondari, mradi wafaulu mtihani wa kuingia.

Hapa naomba usome polepole, mwanangu. Kwa mlango huo, mwaka 1944, aliingia kijana wa miaka 15 aitwaye Martin Luther King, yule aliyekuja kuongoza harakati za haki za Weusi Marekani. Uamuzi ulikuwa wa kujaza viti, wa mtu anayetazama daftari la mapato na kuona chuo kinamfia mikononi. Ndiyo maana siwezi kukubali unapoiita kazi hiyo "kudai ada tu".

Na ualimu hakuuacha. Kila Jumanne asubuhi Mays alisimama mbele ya wanafunzi wote kwenye ukumbi wa ibada akazungumza nao. King alikuwa akimfuata baada ya hotuba, mara kukubaliana naye, mara kumpinga. Mays aliongoza miaka 27, akastaafu 1967. Wawili hao walikuwa wamekubaliana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atamsemea kwenye mazishi. Tarehe 9 Aprili 1968 akawa ni mzee, mwenye miaka 73, aliyesimama pale Morehouse kumsemea mwanafunzi wake. Kila nikifikia hapo huwa naweka kitabu chini kwanza.

Sasa fanya hivi. Kabla hujaijibu bodi, omba daftari la wadaiwa, ukae nalo usiku mzima, jina kwa jina. Halafu dai kwa maandishi kwamba utabaki na kipindi kimoja cha fasihi kila wiki, na kwamba hakuna kikao kitakachopangwa saa hiyo. Wakikubali, chukua kazi. Wakisema mkuu hafundishi, baki darasani kwako.