Maswali yenu kuhusu Mdororo Mkuu wa Marekani

Tangu tugusie uchumi wa Marekani wa miaka ya 1930, maswali yamekuja mengi. Nimechukua matano.

Ni kweli kwamba kuporomoka kwa soko la hisa mwaka 1929 ndiko kulikoleta umaskini wote ule?

Kulichangia, lakini peke yake kusingetosha. Oktoba 24 na 29 bei za hisa New York zilianguka vibaya, na walioumia kwanza ni walionunua kwa mkopo. Mtu aliweza kutoa dola 10 akachukua hisa za dola 100, nyingine akakopeshwa na dalali. Bei ikishuka, dalali alimtaka aongeze fedha. Akikosa, hisa zake ziliuzwa papo hapo, na bei ikazidi kushuka. Hata hivyo Wamarekani wengi hawakuwa na hisa hata moja, na mwanzoni mwa 1930 soko lilipanda tena kwa miezi kadhaa. Kilichoitumbukiza nchi shimoni ni benki.

Benki zilifilisikaje kwa maelfu wakati zilikuwa na fedha za watu?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, nami naomba mnivumilie kidogo.

Benki haifungii amana kabatini. Inazikopesha: kwa mkulima aliyeweka shamba rehani, kwa mwenye duka anayenunua mzigo. Mkopo huo unarudi kwa miaka, ilhali mwenye amana ana haki ya kudai chake leo. Siku za kawaida hilo halina shida. Uvumi ukizuka, aliye mbele ya foleni analipwa chote na aliye nyuma anaondoka mikono mitupu, kwa hiyo hata anayeamini kwamba benki yake ni nzima anaona ni heri awahi. Ili ipate taslimu, benki inauza hati fungani zake (hati za fedha ilizoikopesha serikali au makampuni) kwa bei ya kutupa na kuwadai wakopaji walipe mara moja. Mwenye duka ambaye hajawahi kuchelewesha rejesho anajikuta anafunga duka na kuachisha watu kazi, nao walioachishwa wanakwenda kutoa akiba zao.

Desemba 1930 ilianguka Bank of United States ya New York. Licha ya jina lake, ilikuwa benki ya biashara tu, si ya serikali, na wateja wake wengi walikuwa wahamiaji wenye akiba ndogo. Kati ya 1930 na 1933 zilifilisika benki zipatazo 9,000. Nyingi zilikuwa ndogo, kwa sababu majimbo mengi yalizuia benki kufungua matawi. Mazao ya eneo moja yakikosa bei, benki ya hapo nayo imekwisha. Kanada, ambako benki chache zilikuwa na matawi nchi nzima, haikufilisika hata moja.

Fedha zilizokuwa mikononi mwa watu na benki zilipungua kwa takriban theluthi moja. Bei na mishahara vikashuka, lakini deni lilibaki lilelile. Mkulima aliyekopa ngano ikiuzwa zaidi ya dola moja kwa kipimo alitakiwa kulipa mwaka 1932 kwa ngano ya senti 40 hivi. Kufikia 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na ajira.

Benki Kuu ilikuwa wapi?

Ilikuwepo tangu 1913, na iliundwa kwa ajili ya majanga ya namna hii. Lakini Uingereza ilipoacha kufungamanisha sarafu yake na dhahabu, Septemba 1931, Marekani ilihofia dhahabu yake kukimbia. Oktoba, ili wenye fedha wavutiwe kuziacha nchini, Benki Kuu ikapandisha riba kutoka asilimia 1.5 hadi 3.5 huku benki zikianguka kila wiki. Ililinda dhahabu, ikawaacha watu. Kwangu mimi hilo ndilo kosa zito kuliko yote ya kipindi kile.

Rais Hoover hakufanya lolote?

Alifanya, tena mengi: aliwasihi waajiri wasikate mishahara, akaongeza kazi za umma, na mwaka 1932 akaanzisha shirika la kukopesha benki. Lakini mwaka 1930 alitia saini sheria ya kupandisha ushuru wa bidhaa za nje, ingawa wachumi zaidi ya 1,000 walimwomba aikatae. Na alishikilia kwamba kuwalisha wasio na kazi ni jukumu la majimbo, miji na mashirika ya hisani, ambayo mifuko yake ilikuwa imekauka.

Roosevelt ndiye aliyemaliza mdororo, au ni Vita vya Pili vya Dunia?

Hofu ya benki aliimaliza yeye. Aliapishwa kuwa rais baada ya Hoover Machi 4, 1933, na Machi 6 akafunga benki zote nchini. Jumapili Machi 12 alieleza redioni, kwa maneno mepesi, kwamba zitakazofunguliwa ni zile zilizokaguliwa. Kesho yake watu walipanga foleni kurudisha fedha zao. Kisha ikaja bima ya amana, iliyoanza Januari 1934 kwa kiwango cha hadi dola 2,500. Mwaka huo zilifilisika benki 9 tu zenye bima.

Ajira ni habari nyingine. Vijana waliopelekwa na serikali yake kupanda miti na kujenga barabara za misituni walilipwa dola 30 kwa mwezi, na takriban 25 zilitumwa moja kwa moja kwa familia zao. Uchumi ulikua haraka hadi 1937, serikali ilipobana matumizi na Benki Kuu ikaminya benki. Ukosefu wa ajira ukapanda tena. Matumizi ya vita ndiyo yaliyoufuta.

Msomaji aliyeuliza kama wote walinufaika, jibu ni hapana. Sheria ya pensheni ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani, na hivyo sehemu kubwa ya Wamarekani weusi. Wengi wao walisubiri hadi miaka ya 1950 kuingizwa.